Regulata Imehama

Gereji ya nyuma ya nyumba,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa kaka yangu,

Salamu tele kutoka kwetu sote. Hujambo? Kifua kinaendeleaje, na je, unakula, au bado chai ndiyo chakula chako? Sisi hatujambo. Mgongo wa Mama umepoa kidogo, ila ulimi haujapoa hata chembe.

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la Baba. Mchana umetulia, jua linapenya kwenye matundu ya bati na kuchezacheza juu ya boneti. Nasinzia huku naandika, kwa hiyo mwandiko ukilala usinicheke.

Gari liliwaka, kaka! Ile injini tuliyoinunua kuukuu imekaa humu kana kwamba ilizaliwa humu. Likiunguruma nahisi nyumba nzima inaelea. Lakini likishapata joto lilikuwa linazima. Mara tatu tumelisukuma mlimani, Mama yumo ndani, amekataa kushuka.

Unamjua Baba, fundi bomba wa miaka thelathini. Kwenye nyumba, valvu ya kupunguza presha ya maji hukaa kabla ya koki, basi na regulata, ile valvu ya kupunguza presha ya mafuta, akaifunga kabla ya nozeli zinazopulizia mafuta kwenye injini. Ulimwambia ikae mwisho, baada ya nozeli, ili mafuta yaliyobaki yazunguke na kurudi tangini, yasilale juu ya injini na kuchemka. Akakujibu kwamba mtoto hamfundishi babake kufunga valvu. Nawe ukaapa hutakanyaga hapa mpaka akubali. Mwaka wa pili huu. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi ndiyo mimi. Nimekukumbuka mno.

Jumanne nilirudi kutoka kazini nikamkuta ameinama kwenye injini peke yake, miwani imeteremka puani. Regulata imehama. Iko mwisho kabisa, na mpira wa kurudi tangini kaufunga kwa klipu mpya. Tukapanda mlima, mimi nikiendesha, tukashuka, tukapanda tena. Halikuzima. Baba alitazama nje tu mpaka tukafika.

Jana ndipo akaniuliza, "Huyo kakako mbona hapokei simu zangu?"

"Baba, hujawahi kumpigia."

Akafuta mikono iliyokwisha kutakata. "Basi mwandikie. Mwambie nimeihamisha."

"Niseme yeye ndiye aliyekuwa sahihi?"

"Nimesema mwambie nimeihamisha."

Mama anakusalimu, anauliza kama soksi zilikutosha. Shangazi naye anakusalimu, na Bibi anakutaja kila akiomba. Mungu akulinde kazini na njiani, akupe usingizi mwema.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinuna,
Kijino

N.B. Baba ameiomba barua aisome kabla sijaifunga. Ameirudisha, kumbe kaandika hapa chini kwa penseli yake ya kuchorea mabomba:

*Uje uikague kazi yangu.*