Ubao Kidimbwini

Tarehe 6, mwezi wa saba

Dada, shikamoo. Huku bwawani hatujambo, isipokuwa mgongo wangu, nao umeshanizoea. Mwanao uliyenikabidhi asome huku hajambo pia. Amerefuka, sketi ya shule imempanda magotini, na jioni anakagua namba zangu za kazini kama bosi.

Nina swali. Kazi yangu unaijua: kila asubuhi nashuka mtoni, nasoma ubao wa kipimo, naandika maji yanayoingia bwawani. Wiki tatu mfululizo maji hayajaufikia ubao. Tulikubaliana lango la mfereji wenu wa mashambani lifungwe Ijumaa hadi Jumapili ili mto utufikie. Ufunguo uko kwako. Linafungwa? Niambie ukweli kabla sijapeleka karatasi ofisini.

Mdogo wako

Tarehe 14, mwezi wa saba

Marahaba, mdogo wangu. Mgongo ukande kwa maji ya moto, uache kudeka.

Unaniuliza mimi kama lango linafungwa? Mimi niliyekubeba mama alipotuacha? Linafungwa. Jua ni kali na mto umechoka, basi.

Ila ukiandika kwamba maji hayafiki, ofisi italeta gari huku, na hawa wanaume wa kamati ya mfereji wataninyang'anya ufunguo kabla dereva hajashuka. Tangu nichaguliwe wananivizia nikosee. Mjane kushika lango kunawawasha kama upupu. Na vitunguu vya msimu wa tatu ndiyo kwanza vimeshika. Wewe ni mtu mzima, utajua la kufanya.

Dada yako

Tarehe 22, mwezi wa saba

Dada, shikamoo. Sote wazima.

Nimefanya ulichokitaka, ingawa hukukitaja. Chini ya mwamba pana kidimbwi kisichokauka. Nimeung'oa ubao, nimeusimika humo. Sasa kila asubuhi namba ni nzuri, na wakubwa wamefurahi mpaka wameongeza maji ya mjini. Naandika kwa mkono huu uliofundishwa kuandika na wewe, na naona aibu. Mpwa wangu ameniuliza mbona namba hazibadiliki. Nikamwambia aende akacheze.

Funga lango, dada. Sikuombi kitu kingine.

Mdogo wako

Tarehe 3, mwezi wa nane

Marahaba. Una akili kuliko ofisi yako nzima. Nimecheka mpaka jirani kaja kuchungulia.

Acha wasiwasi. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, na wewe uko chini, basi ngoja. Mvua zikianza mtakuja kulalamika mafuriko. Vitunguu vimejaa kijani shamba zima. Mwanangu mwambie sketi mpya nitamshonea mwenyewe.

Dada yako

Tarehe 9, mwezi wa kumi

Dada, leo sina nguvu ya salamu.

Bwawa limekwisha, limebaki tope. Wahandisi waliendelea kuufungulia mji kwa sababu karatasi zangu zilisema mto unaingia. Wiki iliyopita walishuka wenyewe, wakaukuta ubao kidimbwini. Nimefukuzwa, na nyumba ya kazi naiacha mwisho wa mwezi. Hilo ni langu, nalistahili. Mchelea mwana kulia hulia yeye, nami nilichelea wewe usilie.

Lakini mwanao anaumwa. Mabomba yana wiki tatu makavu. Tunachota kwenye mashimo ya mchangani, tunakopokezana na ng'ombe. Tangu juzi anaharisha na kutapika, macho yameingia ndani. Zahanati imejaa, dripu zimekwisha, na muuguzi hana hata maji ya kunawa mikono. Mtoto anakuita wewe. Dereva wa lori la vitunguu atakufikishia barua hii kesho. Panda lori hilo hilo uje.

Mdogo wako

Tarehe 10, mwezi wa kumi

Mdogo wangu,

Lango halikufungwa. Tangu mwezi wa sita halikufungwa hata siku moja. Nilikudanganya, na nilijua nakudanganya.

Nimelifunga nilipomaliza kusoma barua yako, na naandika nikiwa nimekaa juu yake. Wanaume wamekuja na majembe, wanasema vitunguu vyao vitakauka. Nimewaambia waanze kunikata mimi. Wamesogea kando, wamekaa, wananingoja nichoke. Siwezi kuja. Nikiondoka tu watalivunja, na mwanangu atabaki na maji ya ng'ombe.

Maji huchukua siku nne kufika kwenu. Hayo mliyonayo yachemshe, tia sukari na chumvi, mpe kijiko kijiko, usichoke. Mwambie mama yake anayaleta. Dereva ananipigia honi.

Dada yako

Tarehe 14, mwezi wa kumi

Dada,

Maji yamefika leo asubuhi, siku ya nne kama ulivyosema. Ni mengi na ni masafi.

Mwanao alifariki jana alasiri. Nilimpa kijiko kijiko, sikuchoka. Nilimwambia unayaleta, akaniuliza kwa nini huji wewe.

Hatukuwa na maji ya kumwosha, ikabidi tusubiri. Tumemwosha kwa hayo yako. Tunamzika kesho saa nne.

Lango unaweza kulifungua.

Mjomba wake