Paka Asiye na Mwenyewe

Arvid,

Viazi na nyama ya kusaga viko kwenye friji, uvipashe moto tu. Signe anatoka mazoezini saa kumi, kamchukue. Mimi nimepitia kikapu cha kubebea paka, narudi kule ninakojitolea, kwenye makao ya wanyama.

Ndiyo, Ludo amepatikana.

Daktari alikuja kuwapima wanyama wapya kama kila Alhamisi, mimi nafua mablanketi. Corinne, mwenzangu wa pale, akampitishia paka mmoja kile kifaa cha kusoma chipu ya chini ya ngozi, yenye namba ya mwenyewe, akaniita. "Mama Signe, hii si namba yako ya simu?" Kwenye kadi ya kizimba: paka wa kuokota, hana mwenyewe. Mwandiko wako, Arvid.

Siku tatu! Akina mama wa kanisani wamebandika picha zake mpaka posta. Jirani yetu Mzee Halvorson, na goti lake lile bovu, katambaa chini ya vibaraza vya watu. Na wewe ukashika tochi, ukazunguka kwenye theluji ukiita "Ludo! Ludo!" mbele ya mtoto anayelia.

Kama manyoya yanakukohoza si ungesema? Unajua ni paka aliyeniachia mama.

~~Leo usinisubiri.~~ Nisubiri. Utamfungulia Ludo mlango kwa mkono wako.

Kadi nimeibandua, iko chini ya kikombe chako. Signe anaujua mwandiko wako. Mweleze mwenyewe kabla hajaiona.

Mkeo, mwenye paka