Kamusi Niliyoikata

Babu,

Kamusi yako ya Kiingereza haikuibwa. Niliikata mimi, kwa wembe, baada ya herufi M, na vipande vyote viwili viko ndani ya sanduku langu la shule, chini ya sweta. Sijamwambia mtu.

Tulipokuzika, Baba na Baba Mdogo waligawana kila kitu. Shamba la majani chai limepitishwa seng'enge kutoka barabarani hadi mtoni. Mama Mdogo, aliyekuwa akipita jikoni kwetu kwenda kuchuma, sasa anazunguka kote na kikapu mgongoni. Walipofika kwenye vitu vya nyumbani, Baba Mdogo aliinua kamusi akauliza, "Na hii ya Mzee, tuipasue?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Niliona kweli itaenda upande mmoja, na ni mimi na Chepngeno, binti yake, tuliokuwa tukiisoma nawe kila Jumapili baada ya kanisa. Nikadhani nikiikata, kila mmoja wetu atapata chake kimya kimya.

Kesho yake ikatafutwa. Baba akasema, "Hao wa ng'ambo ya waya wana mkono mrefu." Baba Mdogo akasema wezi ni sisi. Wiki hiyo Chepngeno akapelekwa Silibwet kuuza dukani kwa shangazi yake. Alipita karibu nami na begi lake, hakunisalimia.

Nilipaswa kusema palepale. Unanijua, Babu. Hata darasani, jibu nikilijua nilitazama dawati. Sasa nimemaliza shule, nangoja matokeo, na situlii. Naanza kufua, naacha. Nafika kituo cha kupimia majani chai bila kikapu.

Nasoma kipande cha pili, ambacho ni cha Chepngeno. Kwenye *sib* uliandika pembeni: udugu, tena amani. Ulisema Waingereza wa kale walikuwa na neno moja tu la vyote viwili, ukacheka: "Hao hawakuwajua wanangu." *Sunder*, kutenganisha, ulitufundisha kwa kumega kiazi moto na kutupa nusu nusu, tukaungua vidole. Na *wed*, ulisema, kabla ya kuwa harusi ilikuwa kitu unachomwekea mtu mkononi ajue utarudi. Nikauliza, na usiporudi? Ukasema, "Basi amebaki na kitu chako na hasira."

Mimi hata kitu sikumpa. Nilimwachia hasira tu.

Jumamosi naenda Silibwet na kipande chake. Nitamwambia kabla sijakaa. Akinifukuza, nitakiacha juu ya kaunta. Jumapili nitasema mbele ya Baba na Baba Mdogo, hata sauti ikikatika. Nakuahidi.

Pumzika, Babu. Asubuhi Baba husimama kaburini kwako na kikombe chake cha chai, anakuongelesha akidhani hatusikii. Akikuuliza kamusi iko wapi, tafadhali nyamaza mpaka Jumapili.

Mjukuu wako,
Cherotich