Sentensi Moja Juu ya Baba

Kericho,
Jumapili, tarehe 17.
Asubuhi: ukungu mzito, kisha mvua ya mawe kabla ya ibada. Majani ya chai ya jirani yametobolewa kama yaliyotafunwa na mbuzi.

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi. Goti lako vipi? Ile dawa ya kuchua niliyompa dada Mkamburi alikufikishia, au bado iko kwenye mkoba wake? Na yule ng'ombe mwekundu, ameshazaa? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nakwenda zamu, Jumapili nakwenda kanisani, ingawa leo nilitoka kabla mahubiri hayajaisha kwa sababu nilikuwa nimekaa tu na sisikii kitu.

Nimeandika kwenye karatasi badala ya kupiga simu kwa sababu mbili. Ndani ya bahasha kuna fomu inayotaka sahihi yako, nitakueleza ni ya nini. Ya pili unaijua mwenyewe. Kila nikimtaja Baba kwenye simu unaniambia mtandao umepotea, na Baba Mdogo naye yuko hapo nje anasikiliza. Barua unaweza kuisoma ukiwa umefunga mlango.

Unamkumbuka Daktari Kirui, yule aliyekupigia simu mwenyewe siku Baba alipofariki badala ya kuniachia mimi kazi hiyo. Anaandika makala ya kupeleka kwenye jarida la madaktari wa dharura. Jarida hilo husomwa na madaktari wa nchi nyingi. Mtu huandika humo jambo lililompata ili mwenzake aliye mbali asichelewe pale yeye alipochelewa. Makala yenyewe ni juu ya Baba.

Najua hapo umesimama, Mama. Kaa kwanza, halafu uendelee.

Hakunificha. Alikuja dirishani kwangu pale mapokezi ya hospitali wakati hakuna foleni, akaweka njugu karanga zake mezani, akasema, "Wakesho, nataka kuandika kile kilichotokea kwa Mzee. Ukisema hapana, nafunga faili, na hatutaongea tena hii maneno." Nikamwambia aniache nifikirie. Kesho yake nikamwambia sawa, lakini nitachapa mimi. Yeye huchapa kwa vidole viwili, na sikutaka karani mwingine amguse Baba.

Basi nimekuwa nikimchapa Baba tangu mvua zianze. Jina lake halimo. Humo yeye ni mwanamume wa miaka sitini na minane, mkulima, aliyemtembelea binti yake. Nilimwuliza daktari kama tunaweza kuongeza kwamba alikuwa akiimba besi kwenye kwaya. Akacheka kidogo, akasema jarida lina kipimo cha maneno, na hiyo besi haitamsaidia mgonjwa. Nikaifuta. Muhtasari umeandikwa upya mara nyingi hadi naweza kuusema kama sala. Wanataka marejeo yapangwe kwa namna yao, nukta hapa, mkato pale, na picha ziwe za ukubwa fulani. Kazi hiyo naiweza. Ukinipa kitu cha kupanga, moyo wangu hutulia. Ila safari hii haujatulia.

Siku ya mazishi hukutaka kusikia ilivyokuwa, na mimi sikukulazimisha. Leo nitakuambia, kwa sababu bila hiyo huwezi kujua ninachokuuliza.

Asubuhi ile mimi nilikuwa kazini. Baba alikuwa amemsaidia Mama Chepkoech, mwenye nyumba wangu, kuwapulizia ng'ombe wake dawa ya kupe. Siku iliyotangulia alikuwa amemkatia nyasi za nepia za kulisha ng'ombe, na Mama Chepkoech anasema alikuwa akijikuna miguu jioni nzima. Asubuhi hiyo, baada ya kupuliza, alimkuta Baba ameegemea ukuta wa zizi, anatoka jasho na mate, hasemi. Akamfunga blanketi lake mwenyewe, akaita pikipiki, akakaa nyuma yake akimshikilia hadi kwetu hospitalini. Pale mlangoni alikuwa anatetemeka. Wewe unajua baridi ya huku ilivyo, ulinicheka niliponunua soksi za sufu. Mgonjwa akitetemeka, kila mtu hukimbilia kumfunika. Walimwongezea blanketi lingine, sweta likabaki mwilini, suruali na soksi zikabaki, na walidhani ni kiharusi. Ni Sista Chebet aliyeinama kumtafuta mshipa mguuni akasikia harufu ya dawa ya ng'ombe ikitoka kwenye soksi. Ndipo wakakata nguo zote, wakamwosha kwa sabuni, wakampa sindano ya kupambana na sumu hiyo. Daktari anasema ilikuwa imeshaingia sana. Dawa ile haihitaji mdomo, Mama. Inapita kwenye ngozi, na mtu akifunikwa joto inapita upesi zaidi. Baba aliishi usiku ule tu.

Hilo ndilo makala inalosema kwa madaktari: katika nchi ya baridi, vua nguo kwanza, blanketi baadaye.

Na inafanya kazi hata kabla ya kuchapishwa. Juzi kaletwa kijana kutoka Mulot, alikuwa akiogesha ng'ombe wa tajiri, pampu ikapasuka mgongoni. Wenzake walikuwa wamemzungushia shuka tatu. Sista Chebet alimvua pale pale mlangoni.

"Sista, hata soksi?" kijana akauliza.

"Hata soksi. Sijakuja kuolewa, nakuja kukuosha."

Amerudi Mulot kwa miguu yake. Siku ile nilikwenda chooni nikalia, kisha nikarudi kuandika jina la aliyefuata.

Sasa nikuambie linaloninyima raha. Karibu na mwisho wa maelezo ya mgonjwa, daktari ameandika sentensi moja. Inasema haikuweza kujulikana kama mgonjwa alikusudia kujidhuru. Nilipoifikia vidole viliacha kuchapa. Nilichapa kila kitu kingine, jasho, mate, saa aliyokata roho, lakini hiyo niliiruka, nikampelekea kurasa kana kwamba nimesahau. Akaiona mara moja.

"Kuna sentensi imepotea."

"Haijapotea, daktari. Nimeiacha."

Akafunga mlango. Nikamwambia nyumbani kuna watu wanaosema Baba alikunywa ile dawa. Nikamwambia Baba Mdogo alisimama mbele ya jeneza akasema ndugu yake alikuwa na mambo moyoni ambayo hakumwambia mtu, na watu wote wakainamisha vichwa kwa sababu walielewa anachosema. Nikamwambia hiyo sentensi ni maneno ya Baba Mdogo yaliyovaa koti jeupe.

Hakukasirika. Alisema, "Mimi najua ilipita kwenye ngozi. Miguu yake ilikuwa imelowa dawa. Lakini kama ilimmwagikia, ama alijipaka juu ya kuwashwa, ama kulikuwa na kitu ingine, hakuna mtu aliona. Na yeye hakuweza kuongea. Nikiandika ilikuwa ajali, nadanganya watu wenye wataniamini."

"Na ukinyamaza tu?"

"Watauliza. Hiyo ndiyo kitu ya kwanza wataniuliza, Wakesho. Mzee, sumu, bila shahidi. Kila daktari atafikiria hiyo."

Kisha akasema, "Kama kuna mtu wa nyumbani aliwahi kumwona akijipaka dawa ya ng'ombe kwa ngozi, aniambie. Hiyo nitaandika, na hiyo sentensi ingine nitaibadilisha. Wewe ulimwona?"

Kuna kitu ninachodhani nakumbuka kutoka utotoni, lakini kila nikikishika sijui kama nakikumbuka au nimekitengeneza miezi hii kwa kukitaka sana. Nilimwambia sina hakika. Akasema basi hiyo si ushahidi. Sitakuandikia hapa ni kitu gani. Ukikisoma, kesho utadhani ni wewe uliyekiona.

Nimeangalia shajara yangu. Wewe huniambia naandika hadi mara nilizopiga chafya. Siku zile za Baba kuwa hapa nimeandika mvua, zamu, bei ya nyanya, na "Baba mzima". Hakuna la miguu. Mtu alikuwa amekaa kwenye kiti changu akijikuna, na mimi nikaandika bei ya nyanya.

Mama Chepkoech nimemwuliza zaidi ya mara moja, hadi juzi akaniambia, "Wewe msichana, mimi nilikuwa nakamua. Sikuwa naangalia miguu ya baba yako. Nikikwambia niliona, ni kwa sababu nakuhurumia." Halafu akanipa maziwa nikanywe. Ninamheshimu kwa jibu lile, ingawa usiku ule nilimchukia.

Daktari alinionya nisikuandikie jibu ndani ya swali. Nimechana barua mbili kwa sababu hiyo. Naona na hii nimeshindwa. Umeshajua ninataka useme nini. Basi nitakuuliza wazi, na wewe unijibu kama ungekuwa unajibu mtu usiyempenda: Baba akiwashwa miguu, hapo nyumbani, alikuwa akifanya nini?

Kama ulimwona akijipaka dawa ya ng'ombe, hata mara moja, andika, na useme ilikuwa wapi na wakati gani. Kama hukumwona, andika hukumwona.

Na kuna lingine. Siku ya mazishi, tukiwa jikoni, uliniambia Baba alikuwa kimya sana kabla ya kusafiri kuja kwangu. Hukuongeza neno, na mimi sikuuliza. Nimeutembeza ukimya huo wodi zote za hospitali hii. Najua mtu anaweza kuwa kimya kwa sababu ya jino. Lakini kama ulikuwa ukimya wa namna nyingine, kama unajua aliondoka na kitu, niambie hicho pia. Hakiendi kwa daktari wala kwenye jarida ukisema kisiende. Kinakuja kwangu tu. Nimechoka kumtetea Baba mbele ya watu bila kujua kama wewe uko upande wangu au unaninyamazia kwa huruma.

Sasa hiyo fomu. Imeandikwa kwa Kiswahili, nimeitafsiri mwenyewe na daktari akaipitia. Inasema unakubali habari za ugonjwa wa mumeo ziandikwe bila jina lake. Mimi siwezi kusaini, kwa sababu nafanya kazi hapa na watasema nililazimishwa. Ni wewe. Makala iko tayari kwenye kompyuta. Nilikwenda nayo ukurasa baada ya ukurasa kwenye mtandao wao, majina ya waandishi, barua kwa mhariri, picha, hadi mahali wanapouliza kama familia imekubali. Pale kuna kisanduku cha kuweka alama, na bila alama hiyo hakuna kusonga mbele. Tumesimama hapo. Daktari anahamishwa mwisho wa mwezi, lakini amesema hatakuharakisha na nisikuambie. Nimekuambia kwa sababu sitaki kukuficha hata hilo. Usiposaini, hakuna atakayekulaumu hapa, na mimi nitakuwa wa mwisho.

Ukisaini, ujue kwamba sentensi ile inaweza kubaki. Nikipata jibu lako na likawa kwamba hukuona kitu, nitarudi kwenye zile kurasa na kuichapa kwa mkono wangu mwenyewe. Nimelikubali hilo leo nikiwa natembea kutoka kanisani kwenye matope. Sentensi hiyo haijui, wala mimi sijui. Yule kijana wa Mulot hakuhitaji tujue Baba alikuwa na nini moyoni. Alihitaji avuliwe soksi.

Bado napenda ingekuwa vingine, Mama. Nakuambia ukweli. Napenda ungeniandikia kwamba ulimwona akijipaka kizingitini kwako mara kumi. Lakini usiniandikie hivyo kwa sababu napenda.

Nisalimie dada Mkamburi na umwambie dawa si mapambo ya mkoba. Msalimie shangazi Wakio, aliyekaa nawe arubaini yote bila kuuliza swali. Mwalimu wa kwaya mpe pole, najua bado hajapata mtu wa besi. Baba Mdogo pia msalimie. Yeye ni ndugu wa baba yangu na siwezi kumruka, ila usimwonyeshe barua hii.

Bahasha ya kurudishia iko ndani, na anwani nimeshaiandika. Itakuja na basi la usiku, nitaisubiri pale kwenye ofisi ya basi.

Ni mimi binti yako,
Wakesho

Jumatatu asubuhi, mvua nyepesi. Nilipata usingizi saa tisa na nusu. Nimeamka nikataka kuisoma barua tena nione nilipokusukuma, nipalainishe. Nimeifunga bila kuisoma.