Roboti Asiyeonja Mchuzi

Kaka yangu,

Huku tunajikongoja. Paa limezibwa, na paka wa jirani amezalia kabatini mwangu. Mimi situlii, hata barua hii naiandika nimesimama.

Tangu tumzike Baba, Mama alikuwa hatii kitu mdomoni ila chai. Basi nikaanza kumsomea hadithi ya roboti mwenye mgahawa. Humo hakuna vita wala msiba. Roboti anapika, watu wanashiba, wanakwenda kulala. Mama akawa ananiuliza, "Leo kapika nini yule?"

Jana nilimsomea kwamba roboti hawezi kuonja, huwauliza wateja kama chumvi imetosha. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mpishi gani huyo? Hebu nisogezee sufuria!"

Akainuka kitandani, akapika mchuzi, nyumba nzima ikanukia. Nusura nilie kwa furaha.

Akapakua sahani tatu. "Mwite kaka yako," akasema, kana kwamba uko uani na si ng'ambo.

Nikatoka mlangoni, nikaita jina lako kwa sauti. Mama akasubiri mpaka mchuzi ukaganda, hakugusa hata tonge.

Njoo ule, Kaka.

Ni mimi, mdogo wako.