Kisanduku Kimesema Sijasogea

Duka la Saa, chumba cha nyuma,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa mpwa wangu,

Pokea salamu zangu. Hujambo wewe, mkeo, na binti yenu mwenye maswali? Baridi ya huko imepungua? Mimi ni mzima, mguu tu unanisumbua kwenye ngazi. Naanza na afya kwa sababu nasikia wewe umepata habari nyingine.

Alhamisi dada yako alikuja na seremala wakavunja kitasa changu. Walibisha hodi, kweli, nami sikuitika. Nilikuwa nimeshika kwa kibano kigurudumu kidogo kuliko punje ya mtama, na ukiitika mkono unatikisika. Kwa kishindo kile kikaruka, mpaka leo nakitafuta. Dada yako alikuwa analia. Eti ulimpigia: "Mjomba hajasogea tangu saa tatu, kimbia."

Ulipokuja likizo na kile kisanduku cha waifai ulinieleza vizuri. Hakina kamera, mawimbi yake yamejaa chumbani, mtu akitembea yanavurugika, nacho kinajua na kukuarifu kwenye simu yako huko. Nikakubali. Lakini mimi ni fundi saa, mwanangu. Miaka arobaini nimekula kwa kutulia.

Na mwezi uliopita nilipolala na homa siku mbili, kilikuambia nini? Ukaniandikia, "Naona leo umechangamka, mjomba." Ilikuwa feni ikipeperusha pazia.

Sasa nasikia mmekaa kikao: nihamie kwa dada yako, duka lifungwe. Sihami. Nyumba yake ni nzuri na yeye nampenda, ila mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe langu liko hapa mezani. Kikao cha kunijadili bila mimi sikitambui.

Kisanduku nimekichomoa, nimekifunga kwenye gazeti. Dada yako atakichukua siku akileta kitasa kipya.

Kilichoniuma si kitasa. Zamani ulikuwa ukinipigia kila Jumapili kuniuliza nimeamkaje. Tangu kisanduku kiwekwe, miezi mitano sasa, hujapiga hata mara moja. Ulikuwa unajua tayari.

Nisalimie mkeo, na binti mwambie saa yake aliyoniachia niitengeneze imepona. Mungu awatangulie katika yote.

Kuanzia leo hujui kama nimeamka. Itabidi uulize.

Mjomba wako akupendaye, na asiyehama,
Fundi Saa