Takataka Zilizopangwa Vizuri

Kambi ya Wafanyakazi,
Chumba Namba 6,
Jumapili, 14 Oktoba.

Mpendwa dada yangu,

Leo natimiza miezi kumi na tisa tangu niwaache pale mlangoni, nawe ukaniambia nisigeuke nyuma. Shikamoo. Habari za tangu siku zile? Mgongo unaendeleaje, bado unakukamata ukiinama? Na shemeji, kile kifua kimemwachia? Na binti yangu anakusikia, au ameanza ukaidi wa baba yake? Mimi ni mzima. Viganja vimepasuka kwa saruji na goti la kushoto linalalamika kwenye ngazi, lakini nakula na nalala. Leo nimelala mpaka saa tatu asubuhi kama bwana harusi.

Barua yako niliipata Jumapili iliyopita na nilitaka kujibu siku ya pili yake. Sikujibu kwa sababu Jumatatu yenyewe niliharibu kitu, nikaogopa kukuandikia jambo ambalo sijui litaishaje. Sasa limeisha na nimeshusha pumzi. Kaa chini nikusimulie.

Unajua tunaongeza madarasa kwenye shule ya msingi. Msimamizi wetu tunamwita Mzee Futi, kwa sababu ile futi kamba yake ya kupimia haimtoki kiunoni hata akienda chooni. Mkataba wetu unasema hivi: ukimaliza kazi mpaka mwisho bila barua ya malalamiko, kampuni inakurudisha kwenu kwa basi lake. Ukifukuzwa katikati, unajitafutia njia. Nawe unajua kutoka huku nilipo ningejitafutia mpaka nizeeke.

Basi Jumatatu Mzee Futi akaniambia nisafishe stoo ya zamani ili tupige plasta. Nikafungua mlango. Nikakuta maboksi, chupa za plastiki, waya, vizibo, mirija ya soda, makopo, vipande vya vitambaa. Haki ya Mungu, dada, nilisema moyoni kwamba shule hii ina watu nadhifu, hata takataka zao wanazipanga mezani. Nilijaza toroli mara tano kupeleka jalalani. Boksi lililokataa kuingia nililikanyaga kwa buti. Nikamaliza mapema, najisifu.

Saa nne na nusu wakaja watoto wa darasa la sita na mwalimu wao wa sayansi. Mbele alikuwa msichana mmoja wa kama miaka kumi na moja, wenzake wanamwita Injinia. Akachungulia chumba kitupu, akanitazama.

"Mjomba, winchi yangu iko wapi?"

Nikamwonyesha winchi yetu juu ya jengo. "Ile pale. Usiisogelee, ina mafuta."

"Sio hiyo. Yangu! Ya maboksi!"

 Kumbe zile takataka zilikuwa kazi yao ya muhula mzima. Darasa lao lilivuja Ijumaa, mwalimu akahamishia vitu stoo, na sisi hakuna aliyetuambia. Na Jumamosi kulikuwa na maonyesho, wazazi wote wamealikwa. Niliwaongoza mpaka jalalani kama mtu anayeongoza msiba. Mvulana mmoja mnene akaokota chupa iliyobonyea yenye puto ndani, akapiga kelele, "Umeyakanyaga mapafu yangu!" Wenzake wakacheka, kisha wakakumbuka kwamba na vyao vimo humo, wakaanza kufukua.

Mwalimu mkuu hakunifokea, na hilo ndilo lililonitisha. Alimwambia Mzee Futi kwamba kama wazazi watakuja Jumamosi wakute meza tupu, ataandika barua kampuni. Mzee Futi akanivuta pembeni. "Mdogo wangu, mimi nakupenda, lakini barua ikifika ofisini siwezi kuikalia."

Aliyeniokoa ni yule mwalimu wa sayansi. Ni mama mfupi, sauti yake ndogo, ila watoto wanamwogopa kuliko king'ora. Ana desturi yake: kila mtoto anayetengeneza kitu lazima aandike daftarini hatua zote, ili mtu ambaye hakuwepo aweze kukitengeneza tena. Watoto walikuwa wanaona ni adhabu. Siku ile akawaambia, "Haya, mtu ambaye hakuwepo ndiye huyu. Kila siku akitoka kazini atakaa na nyinyi, asome, atengeneze. Ruksa kurekebisha daftari. Kumsemesha, hapana."

Dada, unakumbuka niliishia darasa la tano. Ninasoma kwa kidole. Nilikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamefika kidevuni, watoto thelathini na wawili wamenizunguka, nikaanza na daftari la Injinia. Limeandikwa: *Chukua boksi, ulikate vizuri.* Nikachukua boksi, nikalikata katikati vizuri kabisa, msumeno wa seremala usingenyoosha vile. Mtoto akaziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka.

"Andika," mwalimu akamwambia.

Akafuta *vizuri*, akaandika upana na urefu kwa sentimita. Nikawaambia hata kwetu kazini ukimwambia mtu ajenge ukuta vizuri, atakujengea anavyojua yeye. Mzee Futi hasemi vizuri, anasema mita tatu na nusu. Basi kila daftari wakaanza kulipekua wenyewe kabla sijalifungua, wanafuta *vizuri* zao huku wakisukumana.

Winchi yenyewe ni kitu cha ajabu. Ina mkono wa boksi, na mabomba mawili ya sindano yasiyo na ncha, yameunganishwa kwa mpira mwembamba wenye maji. Ukisukuma bomba la huku, la kule linatoka na kuinua mkono. Alhamisi tulikuwa tumemaliza kuunga, nikasukuma, mkono ukatikisika tu kama mzee anayekataa kuamka. Injinia akapitia daftari lake mara tatu, haoni kosa. Machozi yakaanza.

Lakini mimi nililiona. Dada, hili nalijua hata bila shule. Sisi tunalinganisha kuta kwa mpira wa maji, na siku ya kwanza tu kibarua anafundishwa: ukiacha hewa ndani ya mpira, maji yanasema uongo. Nikauzamisha mpira ndani ya ndoo, nikaugongagonga kwa kidole mpaka mapovu yakaisha, nikaunga humo humo majini. Nikasukuma. Mkono ukapanda. Watoto walipiga kelele mpaka Mzee Futi akaja mbio akidhani jukwaa limeanguka.

Mwanzoni ile winchi ilifanya kazi kwa bahati tu, kwa hiyo hatua ya kutoa hewa hakuna aliyeiandika. Injinia akaiandika, akaniuliza amwandike nani kuwa ndiye aliyeigundua. Nikamwambia aandike Mjomba wa Toroli, maana ndivyo wanavyoniita sasa. Mwalimu alijifanya hakusikia kwamba tumesemeshana.

Jana ndiyo ilikuwa siku.  Winchi ikainua chupa ya maji ya nusu lita mbele ya wazazi, na mapafu ya yule mvulana, tuliyomtengenezea puto jipya kwa glavu ya mpira, yakapumua vizuri tu. Kichujio cha maji cha mchanga na mkaa kilitoa maji meupe, ingawa baba mmoja aliyataka kuyaonja na mwalimu akamkatalia. Mwalimu mkuu alipita meza zote, mikono nyuma. Mwishoni akamwambia Mzee Futi, "Sina cha kuandika." Mzee Futi akanipiga kibao cha bega nusura nianguke. Nilikwenda nyuma ya lundo la kokoto nikakaa kidogo peke yangu.

Nisikufiche, si kila kitu kilirudi. Kulikuwa na msichana mpole aliyeshona vikaragosi vya vitambaa kwa mchezo wao wa kuigiza, na mvua ya Jumatatu jioni iliviharibu kule jalalani kabla hatujavifikia chini ya lundo. Daftari lake lilikuwa zuri, lakini vitambaa vile vilikuwa vya nguo za marehemu bibi yake. Nilimwomba radhi mara mbili. Bado hanisalimii, na simlaumu.

Ndiyo maana nakujibu hivi kuhusu malalamiko yako. Unasema mwanangu amejaza chupa na makopo chini ya kitanda, anadai ni ya shule, na unataka kuyachoma. Nakuomba, dada, usiyachome. Muulize kwanza. Tena mwambie aandike hatua zake, na wewe uzifuate bila kumuuliza neno, uone mtakavyocheka.

Nisalimie shemeji, shangazi, mapacha, na jirani fundi cherehani. Mbusu binti yangu, Kijiko wangu, mwambie baba yake amejua namna ya kuinua maji kwa maji. Mungu akulinde, akupe afya ya mgongo na moyo mwepesi kama wangu wa leo.

Jengo tutalikabidhi tarehe ishirini Desemba. Orodha ya basi ilibandikwa jana jioni na nimeisoma kwa kidole mara nne: jina langu limo, la saba kutoka juu. Nitegemeeni tarehe ishirini na mbili, mchana.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote.